Pikapu yako ivute tela la kilo ngapi? Fanya hesabu hii kabla ya kushuka milima ya Ngara

Kutoka Lusahunga, Biharamulo, hadi Rusumo ni kama kilometa 92. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda. Ukikata kona Nyakasanza unaelekea Ngara mjini, Kabanga na mpaka wa Burundi.

Katikati ya malori hayo zipo pikapu zenye tela nyuma. Tela la ndizi, la maharage, la saruji, la tangi la maji, la jenereta. Ni biashara nzuri: gari ni lile lile, mzigo unaongezeka.

Swali ambalo kila mwenye pikapu huuliza ni moja: "Hii itavuta?"

Jibu karibu kila mara ni ndiyo, itavuta. Injini ya dizeli kwenye gia namba moja inavuta vitu vingi vya ajabu. Swali la kujiuliza ni jingine: itasimama? Na je, chesesi, springi na matairi ya nyuma yatabeba?

Hapo ndipo wengi wanachemka. Twende taratibu.

Namba nne za kujua

Usiulize kijiweni. Namba zipo kwenye kitabu cha gari, na nyingine zipo kwenye kibao kidogo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kadi ya gari nayo ina uzito wa gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

1. Uzito wa gari tupu. Gari peke yake, bila watu wala mzigo.

2. Uzito wa juu wa gari. Gari, mafuta, watu, mzigo na kila kitu kilichofungwa juu yake. Kwenye vibao vingi huandikwa kwa herufi GVM au GVW.

3. Uwezo wa kuvuta. Hapa kuna namba mbili: moja ya tela lenye breki zake, nyingine ya tela lisilo na breki. Watu huikumbuka ile kubwa na kuisahau ile ndogo.

4. Uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Namba hii huwa ndogo kuliko ukijumlisha namba ya 2 na ya 3. Maana yake ni kwamba huwezi kujaza pikapu mpaka mwisho na kujaza tela mpaka mwisho kwa wakati mmoja.

Kwa kukupa picha: Land Cruiser ya 79 inatajwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki, na kilo 750 kwa tela lisilo na breki. Ford Ranger ya dizeli ya 3.2 nayo inafika kilo 3,500. Hilux za kizazi cha 2005 hadi 2015 ziko chini, nyingi kati ya kilo 2,250 na 2,500.

Lakini usikimbilie namba ya jirani. Gari la jina moja linaweza kuwa na namba tofauti kulingana na injini, giaboksi na nchi lilikouzwa likiwa jipya. Soma kibao cha gari lako wewe.

Hesabu ya mfano

Tuchukue pikapu ya milango minne. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako:

- Gari tupu: kilo 1,950
- Uzito wa juu wa gari: kilo 2,910
- Uwezo wa kuvuta tela lenye breki: kilo 2,500
- Gari na tela pamoja: kilo 5,000

Kwa hiyo pikapu yenyewe inaruhusiwa kubeba kilo 960. Sasa tupakie:

- Watu watano pamoja na dereva, kilo 70 kila mmoja: kilo 350
- Bampa ya chuma na kerea: kilo 60
- Gunia tano za maharage za kilo 100: kilo 500

Jumla ni kilo 910. Zimebaki kilo 50 tu.

Nyuma tunafunga tela lenye uzito wa kilo 450 likiwa tupu, tunaliwekea gunia 10. Tela sasa lina kilo 1,450.

Ukiangalia uwezo wa kuvuta, 1,450 ni ndogo sana kwa 2,500. Uko salama. Ukijumlisha gari (2,860) na tela (1,450) unapata 4,310. Bado uko chini ya 5,000. Dereva wengi wanaishia hapo na kuwasha gari.

Kuna kitu wamesahau. Sehemu ya uzito wa tela haikai kwenye matairi ya tela. Inakaa mgongoni mwa pikapu.

Uzito wa mkono wa tela

Mkono ni kile chuma kirefu kinachotoka mbele ya tela na kushikana na gari. Tela lililopakiwa vizuri huegemeza kama asilimia 10 ya uzito wake wote kwenye gari kupitia mkono huo.

Asilimia 10 ya 1,450 ni kilo 145. Pikapu yetu ilikuwa na nafasi ya kilo 50. Tayari imezidi kwa kilo 95, na uzito huo uko nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, mahali pabaya kuliko pote.

Utaona dalili: nyuma imeinama, pua imeinuka, taa za mbele zinamulika juu ya miti, usukani umekuwa mwepesi kama wa gari la kuchezea. Usukani mwepesi maana yake matairi ya mbele hayashiki barabara sawasawa, na hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki.

Suluhisho siyo kuongeza springi. Springi zaidi zinanyanyua gari, haziongezi nguvu ya chesesi, ekseli wala breki. Suluhisho ni kupunguza. Abiria wawili wakipanda gari lingine, kilo 140 zinaondoka na hesabu inakaa sawa.

Kwa hiyo kumbuka: kinachoisha kwanza kwenye pikapu siyo nguvu ya kuvuta, ni nafasi ya kubeba.

Kupima mkono bila vifaa vya gharama

Pakia tela kama litakavyosafiri, kwenye sehemu tambarare. Weka mzani wa gunia, ule wa kukanyagia unaotumika kununulia mazao, chini ya kichwa cha mkono. Weka gogo juu ya mzani hadi mkono ukae kwenye kimo kile kile unachokuwa nacho ukiwa umefungwa kwenye gari. Soma kilo.

Kama una mzani mdogo tu wa kupimia watu, tumia ubao imara. Ncha moja ya ubao iegemee jiwe. Mkono wa tela uegemee ubao futi moja kutoka kwenye jiwe. Mzani uwe chini ya ubao futi tatu kutoka kwenye jiwe. Zidisha unachosoma kwa tatu. Mzani ukisema 45, mkono una kama kilo 135.

Mkono ukiwa mzito mno, sogeza mzigo nyuma kidogo. Ukiwa mwepesi mno, sogeza mbele. Kanuni ya kupakia: zaidi kidogo ya nusu ya mzigo iwe mbele ya ekseli ya tela, na vizito vikae chini.

Mkono mwepesi ni hatari kuliko mzito. Tela lililojazwa nyuma linaanza kucheza kulia na kushoto kama mkia, na mwendo ukiongezeka linavuta gari zima. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta. Shika usukani uwe wima, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue lenyewe. Kisha simama pembeni upange mzigo upya.

Kilo 750: mstari ambao wengi wanauvuka

Turudi kwenye tela letu la kilo 1,450. Tumeshusha abiria wawili, hesabu ya kubeba imekaa. Bado hatujamaliza. Tela hilo lina breki?

Tela nyingi zinazochomelewa na mafundi wetu hazina. Ni chuma, ekseli, magurudumu mawili, basi. Tela la namna hiyo likiwa na mzigo, kikomo kinachoandikwa kwenye vitabu vya pikapu nyingi ni kilo 750. Hiyo ni pamoja na uzito wa tela lenyewe.

Tela letu tupu ni kilo 450. Zinabaki kilo 300, yaani gunia tatu.

Inauma, lakini ndiyo hesabu. Ukitaka kubeba gunia 10, una njia tatu: weka breki kwenye tela, gawanya safari, au changa na wenzako mkodi Canter.

Kuweka breki kunawezekana. Zipo za aina mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mkono, mkono unavuta kebo au kusukuma mafuta ya breki, tela linajifunga lenyewe. Ya pili ni breki za umeme zinazoendeshwa na kidude kinachofungwa karibu na dereva. Kwa fundi wa kawaida, ya kwanza ni rahisi kuelewa na kutengeneza. Lakini apewe kazi fundi anayejua breki, siyo anayejua kuchomelea tu.

Kwa nini Ngara inahitaji umakini zaidi

Kwenye tambarare unaweza kuvunja kanuni miaka mitatu usijue. Kwenye milima jibu linakuja siku hiyo hiyo.

Chukua mteremko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unashuka mita 8. Pikapu yetu ya kilo 2,860 inavutwa kuelekea chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 229. Ukifunga tela la kilo 1,450, nguvu hiyo inakuwa kama kilo 345. Kama tela halina breki, zote hizo zinashikiliwa na breki za pikapu peke yake, kuanzia juu mpaka bondeni.

Breki inageuza mwendo kuwa joto. Ukiikanyaga mfululizo, diski na viatu vya breki vinachemka, unasikia harufu ya kuungua, kisha pedeli inakwenda chini na gari haliitiki. Mbele yako kuna lori lililobeba kontena, au bodaboda na abiria wake. Barabara ya kushukia mtoni Rusumo siyo mahali pa kugundua hilo.

Dawa ni ya zamani na haijabadilika: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Ipunguze ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, siyo katikati. Acha injini ishike gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti mara moja mpaka upungue, kisha achia kabisa ipoe. Usiweke mguu juu ya breki muda wote. Na usishuke na gia huru kwa sababu ya kubana mafuta. Hapo umeachia breki yako kubwa kuliko zote.

Kupanda nako kuna jambo lake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Ngara yote iko juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ isiyo na tabo italalamika huku kuliko inavyolalamika Dar es Salaam. Angalia mshale wa joto, zima kiyoyozi, na usilazimishe gia kubwa.

Mvua zikianza, barabara za udongo za vijijini zinabadilisha kila kitu. Kwenye tope tela linasukuma gari pembeni. Tumia gia nzito ya magurudumu manne kama unayo, na mzigo upungue kuliko wa kiangazi.

Mzigo wako una kilo ngapi hasa?

Makisio ya macho hudanganya. Shika hizi:

- Maji: lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, bila tela.
- Saruji: mfuko kilo 50. Mifuko 20 ni tani moja.
- Mchanga mkavu: ndoo ya lita 20 ni kama kilo 32. Ukilowa unazidi.
- Dizeli: pipa la lita 200 ni kama kilo 170, bila pipa.
- Ndizi: mikungu haifanani. Pima mitano, tafuta wastani, zidisha.

Maji yana tabia moja mbaya. Tangi likiwa nusu, maji yanakimbia mbele ukifunga breki na yanakimbia pembeni ukikata kona. Safiri tangi likiwa limejaa, kama uzito unaruhusu, au likiwa tupu. Ukihitaji lita 500, tafuta tangi la lita 500.

Kirikuu je?

Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake wa Kijapani wa injini ya sisi 660, imetengenezwa kubeba kilo 350 tu mgongoni. Inafanya kazi kubwa mjini, lakini siyo gari la kuvuta tela la mizigo milimani. Usiijaribu.

Na kwa pikapu iliyotumika: namba za kiwandani ni za gari jipya. Springi zilizochoka, klachi inayoteleza, chesesi iliyowahi kuchomelewa, vyote vinashusha uwezo. Kwa gari la miaka 15, busara ni kubaki chini kabisa ya kikomo.

Vitu vidogo vinavyoangusha tela

Matairi. Pembeni ya tairi, baada ya saizi, kuna namba ya uwezo. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 112 ni kilo 1,120. Tela lenye matairi mawili ya gari dogo yenye namba 91 haliwezi kuzidi kilo 1,230, hata kama ekseli ni ya lori.

Mpira wa chuma wa kuvutia. Wa kawaida una upana wa milimita 50. Kichwa cha mkono kiendane nao, kikicheza, usiondoke.

Sehemu ulipofungwa. Ufungwe kwenye chesesi. Bampa siyo chesesi.

Mnyororo wa usalama. Minyororo miwili ipishane kwa umbo la msalaba chini ya mkono. Mkono ukichomoka, utadakwa na minyororo badala ya kuchimba lami.

Taa. Taa za breki, indiketa na vioo vya kuakisi mwanga nyuma ya tela. Usiku, tela lisilo na taa ni ukuta katikati ya barabara.

Tela la kulala

Wapo wageni wanaopita Rusumo na tela za kambi, na wapo vijana wa utalii wanaozifikiria tangu Burigi-Chato ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Hesabu ni ile ile, na nyongeza mbili.

Kwanza, uzito unaotajwa na muuzaji huwa wa tela tupu. Ongeza maji, mitungi ya gesi, betri, vyombo, matandiko na chakula. Kilo 200 hadi 300 zinajaa haraka. Tumia uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha tela.

Pili, upepo. Karavani ni refu na pana kama ukuta. Lori likikupita, linakusukuma kisha linakuvuta. Kwa sababu hiyo usitumie uwezo wote wa gari. Bakiza kama moja ya tano. Gari la kuvuta kilo 2,500 lichukue karavani lisilozidi kilo 2,000 likiwa limejaa.

Sheria inasemaje

Tela husajiliwa na kupewa namba yake, kama gari. Kama umechomelewa na fundi, ulizia TRA utaratibu kabla hujaliingiza barabarani, na mwambie wakala wa bima kwamba gari linavuta tela. Ajali ikitokea, hilo ni swali la mwanzo.

Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilometa 50 kwa saa. Na kumbuka, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu na tela lake wakifika hapo, usishangae ukielekezwa mizani.

Kabla ya kuwasha gari

1. Gari, watu, mzigo na uzito wa mkono: havizidi uzito wa juu wa gari?
2. Tela na mzigo wake: havizidi uwezo wa kuvuta?
3. Tela linazidi kilo 750? Breki zake zipo na zinafanya kazi?
4. Gari na tela pamoja: viko chini ya kikomo?
5. Mkono una kama asilimia 10 ya uzito wa tela?
6. Matairi, mpira, pini, minyororo, taa: umevigusa kwa mkono, siyo kwa macho tu?
7. Jaribu breki kwenye tambarare mwendo wa kilometa 20 kwa saa. Likikusukuma, punguza mzigo.

Jibu moja likiwa hapana, gunia chache zibaki nyumbani. Maharage yatasubiri mpaka kesho.